Mbwa kafa kwa parvo jana, leo usilete mwingine kwenye banda lile lile

Wiki iliyopita mama mmoja kaja ofisini na boksi la sabuni, ndani kuna kitoto cha mbwa chotara cha wiki kama tisa hivi, kimelala ubavu, macho yamezama, na kabla hajalifungua vizuri nilishajua, maana ile harufu ya kuhara damu ya parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, ukishainusa mara moja huisahau. Nikamuuliza huyu wa ngapi? Wa tatu. Tangu lini? Tangu mwezi wa sita. Banda lipi? Lile lile daktari, ila nilipiga Dettol. Kuhusu yule mbwa wa kwanza, mama alishasema jirani kamlisha sumu, na mpaka leo hawasalimiani.

Jamani. Hakuna sumu wala mkosi hapo. Mnamzika mmoja, mnalia siku mbili, siku ya tatu mnaenda kununua mwingine kwa hela ya maana mnamweka pale pale alipofia mwenzie, halafu mnatushangaa sisi kwanini dawa hazifanyi kazi. Hili kosa nimelikuta nyumba nyingi mno na leo sitazungumzia chakula wala minyoo, hayo mnayajua.

Kirusi cha parvo hakifi na mbwa. Mbwa mgonjwa anakimwaga kwenye kinyesi, tena anaanza kabla hata hajaonyesha kuumwa, na kile kinyesi kikishakauka mkafagia mkaona pasafi, kirusi kipo. Kwenye udongo wenye kivuli kinaweza kukaa miezi saba, penye jua kali miezi mitano, na pengine kinapitiliza mwaka, kwa hiyo mimi ukiniuliza nakwambia hesabu mwaka mzima na usinibembeleze nipunguze. Kitoto kipya kinalamba sakafu, kinatafuna jiwe, basi. Siku 3 mpaka 7 baadaye kinanyong'onyea, kinatapika, kinahara damu, na asiyetibiwa mara nyingi anakufa. Ndo maana akiugua siku ya tano tangu afike kwako usikimbilie kumtukana aliyekuuzia, hesabu siku kwanza, inawezekana kakiokota kwako.

Sasa hiyo Dettol. Dettol haiui parvo. Spiriti haiui, majivu hayaui, mafuta ya taa hayaui (yanaunguza miguu ya mbwa tu). Kirusi hiki hakina lile ganda la mafuta ambalo dawa nyingi za nyumbani ndo zinalivunja, kwahiyo nyumba inanukia hospitali na kirusi kimetulia. Kitu cha dukani kinachokiua ni JIK, na hata hiyo mnaikosea.

Kwanza choma magunia, matambara na kamba, na kama banda ni la mbao choma na banda lenyewe, ubao unanyonya na huwezi kuusafisha ukaisha. Sakafu ya simenti kwangua kinyesi chote, sugua kwa brashi na sabuni ya unga, suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Hapo ndo JIK inaingia, sio kabla! Ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu, na mkojo ukiwa bado upo inatoa hewa mbaya inayokaba koo. Kwa sababu hiyo hiyo usiichanganye na dawa ya choo hata siku moja.

Kipimo sasa, na hapa naomba muache mambo ya kifuniko kimoja, kifuniko ni cha kufulia shati. Soma chupa. Ikiandikwa asilimia 3.5 (ya sodium hypochlorite, ndo dawa yenyewe) weka nusu lita ya JIK kwenye maji lita 9 na nusu, ndoo ya lita 10 imejaa. Ikiandikwa asilimia 5 weka mililita 350 halafu jaza maji mpaka lita 10. Maji ya baridi, na uchanganye siku hiyo hiyo, ile iliyolala kwenye ndoo juani tangu juzi ni maji tu. Mwagia sakafu na ukuta mpaka usawa wa kiuno, na pabaki pamelowa dakika 10 kamili. Dakika 10 za saa, weka alamu kwenye simu, sio unamwaga huku unapanguza nyuma. Saa saba mchana panakauka kabla hata hujageuka, kwa hiyo fanya asubuhi mapema au endelea kumwagia. Kisha suuza, acha pakauke. Vyombo vya bati vivyo hivyo, vya plastiki vilivyokwaruzika tupa.

Udongo wa uani? Hausafishiki. JIK ikigusa udongo imekwisha kazi, usipoteze hela. Uani kwenye udongo unasubiri tu ule mwaka wako.

Najua mtasema mwizi hasubiri mwaka. Sawa, basi chukua mbwa mkubwa ambaye kadi yake inaonyesha chanjo zote, huyo anaweza kuingia. Au nunua kitoto chako lakini kikae kwa shangazi au rafiki ambaye kwake hajawahi kufa mbwa, mpaka kimalize sindano. Kumaliza maana yake sio moja! Kitoto kinapata kinga kwenye dang'a ya mama, yale maziwa ya kwanza, na hiyo kinga ikiwa bado ina nguvu inaimeza chanjo, chanjo haishiki. Inaisha lini? Mwingine wiki ya 8, mwingine wiki ya 14, kwa macho huwezi kujua. Ndo maana tunarudia: wiki ya 8, ya 12, ya 16, na wapo wanaoanza wiki ya 6 wakaendelea kila wiki tatu au nne, ni sawa pia mradi ya mwisho iangukie wiki ya 16 au baada ya hapo. Hiyo ya 16 ndo mnairuka, na ndo ya kutegemewa kuliko zote. Halafu moja akifikisha mwaka. Na ile ya kichaa mnayopangia foleni kwenye kampeni mwezi wa tisa ni ya kichaa tu, haihusiani na parvo, mtu ananionyesha cheti cha kichaa ananiambia mbona kachanjwa.

Tena angalia anayekuja kuchoma. Chanjo inakaa nyuzi 2 mpaka 8 tangu dukani mpaka kwako, kwenye kibebeo chenye barafu. Akiitoa mfukoni mwa suruali baada ya kuzunguka na bodaboda asubuhi nzima, mpe nauli arudi.

Baada ya ile ya wiki ya 16 ongeza wiki mbili, akiwa anakula na kinyesi kigumu mlete nyumbani.

Watoto wenu hawaambukizwi parvo ya mbwa, hilo msiogope, ila miguu yao inaibeba. Kirusi kinasafiri kwenye viatu, tairi la pikipiki, hata inzi. Mama wa boksi nilimwelekeza yote haya, akaandika kwenye daftari, kipimo, dakika, tarehe. Anaondoka nikaangalia chini, nikamuuliza hizo ndala ndo ulivaa ukiwazika wale wawili? Akasema ndizo. Na ndo hizo angeingia nazo kwa dada yake, anakotaka kumlea wa nne.