Ukimpeleka mzazi JKIA, mwandae kushuka garini

Wenye safari ya kupitia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi: kabla hamjafika kwenye majengo ya abiria kuna kizuizi cha ukaguzi. Dereva hubaki na gari, abiria hushuka na kupita kwa miguu kwenye mashine, kisha mnakutana ng'ambo ya kizuizi. Mzee ambaye hakuambiwa hushtuka sana hapo, simu mfuko huu, pasipoti mfuko ule. Vitieni vyote kwenye kipochi kimoja mngali nyumbani. Tazameni pia kwenye tiketi kama jengo lenu la abiria ni 1A au lenye herufi nyingine, maana majengo yale yamezunguka nusu duara na kuhama na mizigo kunachosha. Mifuko ya plastiki ya dukani msibebe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017.