Namna ya kuchagua mtoa huduma wa simu ya intaneti kwa biashara ya Mwanza

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka kuachana na simu ya mezani ya waya, au kupunguza simu za mkononi zinazozagaa ofisini bila kujulikana nani anapokea ipi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya dakika. Swali hilo ni la haki, ila nafasi yake ni mwishoni. Simu ya intaneti ni sauti iliyokatwa vipande vidogo na kusafirishwa kama data, na ubora wake hutegemea kwanza njia ambayo vipande hivyo vinapita, kisha watu wanaoitunza njia hiyo. Dakika ya bei nafuu haina faida kama mteja wa Geita anasikia nusu ya maneno.

Kabla ya kumwita mtoa huduma yeyote, pima intaneti ya ofisi yako. Mazungumzo mamoja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo hutoa sauti iliyo sawa na ya simu ya mezani, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti peke yake, na ukijumlisha taarifa za kuiongoza kila pakiti, yaani kila kipande cha sauti, hufika kilobiti 80 hadi 90 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ofisi yenye watu 10 wanaozungumza kwa wakati mmoja inahitaji basi karibu megabiti 1 kila upande, kiasi ambacho faiba ya kawaida inakimudu. Kinachosumbua zaidi ni utulivu wa laini. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na mafundi wengi hutaka pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1. Pima saa tano asubuhi wakati ofisi nzima inatumia mtandao, si usiku ambapo kila laini huonekana nzuri. Kama intaneti yako inakuja kwa dishi, hakikisha pia kwamba linauona mnara bila kizuizi, kwa sababu katika mji huu wa majabali jiwe moja la Isamilo au ghorofa jipya la jirani linatosha kuharibu mawasiliano.

Laini ikiridhisha, ndipo uanze kuwachunguza watoa huduma, na jambo la kwanza ni leseni. Huduma hii nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Muuzaji ambaye hawezi kukuonyesha leseni yake, au wakala asiyeweza kutaja leseni ya kampuni anayoiwakilisha, asikupotezee muda.

Jambo la pili huulizwa na wachache, nami naliona kuwa zito kuliko yote: mtambo unaoendesha simu zako umewekwa wapi? Mtambo ukiwa Ulaya, mwenye kibanda cha kukaanga samaki Igoma anapompigia muuza dagaa wa Kirumba, sauti yake huvuka bara na bahari, kisha hurudi njia hiyohiyo ili imfikie mtu aliye umbali wa safari ya daladala. Hapo ndipo watu huanza kusemezana kwa kukatana kauli, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikayumba vibaya. Katika siku kama hiyo, mtambo ulioko Dar es Salaam na kufikiwa kwa njia za ndani ya nchi una nafasi ya kuendelea kupokea simu, wakati ule wa ng'ambo unakuwa haufikiki. Uliza jina la mji, na jibu liandikwe.

Uliza vilevile namba itakayoonekana kwa mteja. Kwa biashara ya hapa, namba inayoanza na 028 humwambia mtu kwamba anapigiwa na ofisi ya Kanda ya Ziwa. Simu ikipitishwa kwenye njia za mkato, mteja huona namba ya nchi nyingine au namba ya mkononi asiyoijua, na katika nchi ambayo kila mtu amekwisha kupokea ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii», namba ya namna hiyo haipokelewi. Njia hizo za mkato mara nyingi si halali pia. Mkataba useme wazi namba ni ya nani siku mnapoachana: usidhani kwamba kwa kuwa namba za mkononi zimekuwa zikihamishika kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine tangu mwaka 2017, basi na hii itahama bila mashaka.

Kisha omba majaribio ya wiki mbili kwa simu mbili au tatu, ukitumia intaneti yako na si ya chumba chao cha maonyesho. Piga kwenda mitandao yote mikubwa ya simu za mkononi, maana wateja wako wengi wako huko. Hamisha simu kutoka mapokezi kwenda stoo, mweke mpigaji akisubiri, rudi kwake. Ukikuta simu inaunganishwa lakini upande mmoja hausikii, au inakatika yenyewe baada ya nusu dakika hivi, mara nyingi kosa liko kwenye ruta yako, hasa kipengele kiitwacho SIP ALG, kinachoingilia data za simu zinapopita kwenye ruta, ambacho kikizimwa tatizo huisha. Fundi wa mtoa huduma mzuri hulitaja hilo kabla hujamaliza kueleza. Asiye mzuri atakushauri ununue kifurushi kikubwa zaidi. Umeme nao una lake. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, lakini hii huzimika pamoja na ruta, hivyo weka betri ya akiba, na uagize kwamba simu zisizojibiwa zipelekwe kwenye namba ya mkononi ya msimamizi. Jaribu pia kama 112 inapatikana.

Usalama unastahili swali moja gumu. Wezi huvizia mitambo yenye nywila dhaifu, wakapiga simu za kimataifa za bei kubwa usiku kucha, na bili humwangukia mwenye namba. Mtoa huduma awe tayari kufunga simu za nje ya nchi usizozihitaji na kuweka kikomo cha matumizi kwa siku. Kiwanda cha minofu ya sangara kinachozungumza na wanunuzi wa Ulaya kitafungua nchi hizo tu.

Kwenye mkataba, angalia asilimia ya upatikanaji. Asilimia 99 inavutia machoni, lakini inaruhusu huduma kukosekana saa 7 hivi kila mwezi, asilimia 99.9 inaruhusu dakika zisizozidi 45. Pasipo fidia iliyotajwa, tarakimu hizo ni mapambo. Kama simu zitarekodiwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, basi ujue rekodi zinahifadhiwa wapi na nani anazifungua.

Sasa ulizia bei. Linganisha anayetoza kwa sekunde na anayetoza kwa dakika nzima, uone kama VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa vimo ndani ya bei uliyotajiwa, na udai risiti ya EFD. Epuka mkataba wa miaka mitatu kwa mtu mnayejuana naye leo. Mwaka mmoja unatosha. Laini yako ya zamani iache hai mwezi mmoja au miwili, ikipeleka simu zake kwenye namba mpya, hadi mabango, risiti na mlango wa gari la mizigo vyote viwe vimebadilishwa.