Kima, papa na Kiingereza changu cha kwenye feri

Mimi ni fundi cherahani. Nakaa Likoni na nashonea upande wa Biashara Street, Mombasa, kwa hiyo kila siku navuka feri mara mbili. Kiingereza nimekisomea humo humo, kwenye foleni na ndani ya feri, kwa karatasi moja niliyoikunja mara nne nikaitia mkobani. Majirani huniuliza nilianzaje.

Usianze na kitabu cha sarufi. Anza na ngano unayoijua tangu utotoni, ile ya baada ya "Paukwa!" "Pakawa!" Mimi nilianza na kima na papa: kima yuko juu ya mkuyu, papa anataka kumpeleka kwao akatolewe moyo uwe dawa ya sultani wao. Mwisho unaujua, kwa hiyo huhangaiki na "ikawaje?" Kazi inayobaki ni kuyatazama maneno.

Andika sentensi nne, zisizidi:

A monkey lived in a tree by the sea. Every day he threw fruit to a shark. One day the shark said, "Come to my house." The monkey climbed onto his back.

Soma kimya, kisha kwa sauti, kisha kalamu mkononi. Mtazame papa: mara ya kwanza ni "a shark", mara ya pili "the shark". Mwalimu mmoja alinieleza jambo hili nusu saa nzima nikatoka kapa. Kumbe nyanya alishanifundisha: "Palikuwa na papa mmoja," halafu "yule papa akasema". Anayeingia hadithini ni "a", akishajulikana ni "the". Na mbona bahari ni "the sea" tangu mwanzo? Nani asiyeijua bahari?

Vitendo vya jana vina ukorofi. Sisi "-li-" inatutosha kwa vyote. Wao "lived" na "climbed" vimekaa sawa, lakini "threw" na "said" vina njia zao. Viandike pembeni na asili yake, "throw" na "say", uvikariri. Hapo hakuna ujanja.

Ngano mbili tatu zikikaa kichwani, ingia nyumbani kwako: sentensi tano kuhusu watu unaokula nao. Hapa ndipo nilipoaibika. Mteja aliniuliza kuhusu mume wangu, nikajibu, "She is a fisherman." Yeye wetu hana mume wala mke, wao ni lazima uchague. Tangu siku hiyo nazungushia kila "he" na "she" kwa penseli na kuandika pembeni ni nani: baba, Mwanaisha, mtoto wa jirani.

Jamaa nao utawaona wamebanwa chumba kimoja. "Uncle" ni mjomba, na ni ami pia. "Aunt" ni shangazi, ni mama mdogo, hata mkaza mjomba. Ukisoma "Her uncle came to the wedding," hujui ametoka upande gani, na kwetu harusi haiendi bila kujua hilo. Ukitaka kubainisha, sema "my mother's brother". Mavyaa ni "mother-in-law", na "law" ni sheria, utadhani umepewa na mahakama.

Neno kama "daughter" lisikilize kwanza kwenye simu. Hiyo "gh" ni pambo tu, haitamkwi.

Ukitaka ngano zaidi, Askofu Edward Steere alizikusanya Unguja, zikachapishwa London mwaka 1870, Kiswahili na Kiingereza vikielekeana. Kima na papa wamo, ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, na kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti. Lakini Kiingereza chake ni cha kizee. Kisome ukifahamu, usije ukampigia nacho bei mteja.

Usiku karatasi iweke mbali, usimulie kwa mdomo. Tafuta wa kukusikiliza asiyekuonea haya. Mimi nina mwanangu wa darasa la nne. Nikisema "throwed" hupiga meza kwa kiganja, nami narudi kuanzia mkuyuni.