Kubadili staili ya kufundisha watoto nyumbani mkiwa watu wa kuhama hama

Hii ni kwa wazazi wenzangu ambao kazi inawahamisha, leo mko Kaliua, baadae Uvinza, afu mnajikuta mmerudi Tabora mjini, na watoto mnawafundisha wenyewe. Kwetu baba watoto anachimba visima kwaiyo mtambo ukienda na sisi tunaenda.

Kabla hujabadili chochote hakikisha ni staili ndo imegoma na sio uchovu wa safari. Mtoto ambaye ndo kwanza kashuka kwenye treni, hajazoea maji ya pale, kalala vibaya, huyo hata umfundishe kwa njia gani atanuna tu. Mpe wiki moja au mbili ale, alale, acheze na watoto wa majirani, msomee hadithi jioni basi. Akishatulia na bado ukitoa daftari anaanza kuumwa tumbo, au anakujibu majibu ya kukariri ambayo kesho yake hayapo, hapo sasa ni staili.

Kitu kingine, usibadili vyote kwa mpigo. Hesabu na kusoma viache palepale, kila asubuhi, kitabu kilekile, hata kama mko gesti na meza hamna. Mi naona hapa ndo wengi wanapopotea, wanasikia kuna watu huko nje wanamwachia mtoto ajichagulie cha kusoma wanaacha mpaka kujumlisha na kutoa, afu baadae wanashangaa. Masomo mengine yote ndo ya kuchezea.

Ukitoka kwenye ratiba ya vipindi njia rahisi kwa watu wa kuhama ni kufundisha kwa mada, yani unachukua kitu kimoja cha hapo mlipo na masomo yote yanapitia humo. Mkiwa Kigoma mjini chukua meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapohapo Kigoma na kushushwa majini 1915, mwaka uliofuata, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikachukuliwa na adui, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Sasa muulize mdogo ililala chini ya maji miaka mingapi. Mkubwa achore ramani ya ziwa na nchi zake nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, aandike kwanini mtu azamishe meli yake mwenyewe (hapa utapata majibu ya ajabu, yaandike yote). Ziwa lenyewe kina chake ni kama mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi, waambie wakate kamba ya mita moja wapime uwanja kwanza ndo wataelewa hiyo namba. Siku ya pili nendeni mwaloni mkaulize bei ya dagaa na migebuka, hiyo hesabu ya faida na hasara tayari.

Ujiji kuna Livingstone na Stanley walivyokutana 1871, ila usiishie kwa wazungu wawili, zungumzia pia misafara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo. Uvinza kuna chumvi inayotoka kwenye maji ya chemchemi na sio ya bahari, chemsha maji ya chumvi kwenye sufuria mpaka yakauke waone kinachobaki. Tabora asali, Urambo tumbaku na mtemi Mirambo, mada hazikosekani.

Uzuri wa mada ni kwamba wa miaka saba na wa kumi wanakaa pamoja. Ubaya wake unaruka vitu bila kujua, kwaiyo pakua vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ukiwa mjini net ipo, ukifika Nguruka ndanindani huko usitegemee bando, na kila mwisho wa mwezi pitia yaliyomo ya kitabu uweke tiki kwa mlivyogusa. Visivyo na tiki vifundishe kawaida tu, mtoto akae asome.

Na hili la shule msilipuuzie. Sheria inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi, na mitihani ya taifa ya darasa la nne na la saba inapitia shuleni, kwaiyo ukifika sehemu mpya nenda kaongee na mwalimu mkuu au afisa elimu kata mapema, sio unaibuka usajili umeshafungwa. Mwaka wa mtihani mimi ningerudi kwenye ratiba kabisa, vipindi, saa mezani, mitihani iliyopita ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kuprinti stationari, mtoto azoee kukaa na karatasi bila kuuliza uliza, na kama mtambo unahama mwezi huo basi baba atangulie.