Chora ramani ya maji ya bahari kuingia mtaani: lepitopu, tepu na chaki

Haya, mmeniuliza sana ramani hii huchorwa vipi. Hapa Mombasa mimi natumia QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, na tepu ya fundi.

1. Anza na jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari yetu. Tafuta bamvua, zile siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, zile kubwa za Machi na Septemba maji yanakaribia mita 4. Sasa hapa ndo wengi wanakwama: sifuri ya jedwali ni pale maji yamepwa kabisa, sifuri ya data ya ardhi ni wastani wa bahari, na Kilindini tofauti ni kama mita 2. Kwa hivyo 4 ya jedwali ni 2 kwenye ramani, usipotoa utazamisha mtaa mzima bure.

2. Shusha data ya urefu wa ardhi. Ile ya bure ya SRTM ilipigwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, kila kisanduku mita 30, na rada yake yaona majani sio tope. Ramani yangu ya kwanza ya hori la Tudor ilionyesha mikoko kama kilima kikavu, mzee mmoja mvuvi akaiangalia weee, akaniuliza, "Mwanangu, hapa kaa wanapanda ngazi?" Siku hizi natumia data nyingine, FABDEM, ishatolewa miti na majumba.

3. Kwenye kikokotoo cha rasta cha QGIS (kinapiga hesabu kisanduku kwa kisanduku) chagua ardhi yote isiyozidi mita 2, alafu futa vidimbwi visivyoshikana na bahari, maji hayaruki. Weka na rangi ya pili ya 2.5, kusi ikivuma mawimbi huongeza yake.

4. Hii usiruke kabisa: nenda mwenyewe bamvua likijaa. Mama mmoja alinionyesha mstari wa tope ukutani, kitanda chake kiko juu ya matofali mawili kila mguu, bas hapo nikapiga chaki nikapima. Simu ikupe mahali tu, urefu wa GPS yake usiuamini.

5. Mpaka hapa una hatari peke yake. Kupata hasara weka juu nyumba za OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, kisha uulize: choo cha shimo kiko wapi, kisima je, nani hawezi kukimbia? Ghorofa na banda la mabati zikiingia maji sawa haziumii sawa.

Mwisho printi kubwa, tandika chini, wape watu wa mtaa kalamu nyekundu warekebishe. Yangu ya juzi ilirudi na mtaro mzima ambao sikuuona.