Kabla ya kulipia hoteli ya ufukweni, angalia mwezi

Mkipanga kuwapeleka watoto hoteli ya bei ya kati Paje au Jambiani, angalieni kalenda ya mwezi kabla hata ya kuuliza bei. Pwani ile ya mashariki ya Unguja maji hupwa mbali mno. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa imekauka mnamo saa nne asubuhi, watoto wakiwa ndio kwanza wamemaliza chai na wanalilia kuogelea. Maji hujaa alasiri, kama saa kumi, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi.

Asubuhi hiyo watembezeni wakaone mashamba ya mwani, lakini wavae viatu vya plastiki, maana kwenye miamba kuna viumbe vya baharini vyenye miiba mibaya. Kuogelea kungoje jioni. Kama watoto ni wadogo, bora Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja. Kule hata maji yakipwa, pa kuogelea hapakosekani.

Pia ulizeni kama bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama kitanda cha mtoto kinalipiwa. Jibu waliandike kwenye ujumbe.