Somo: Difu loki na fo wili kwenye pikapu, lini utumie ipi

Wakuu, kila masika swali ni lile lile: gari yangu ni fo wili, mbona nimelala porini? Ni kwa sababu fo wili na difu loki ni vitu viwili, na wengi wetu tunabonyeza kimoja tukitegemea kifanye kazi ya kingine. Nitaongelea zaidi Hilux na Land Cruiser pikapu, maana ndizo zinazozagaa huku kwetu.

Difu ni boksi la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa tairi la kulia na la kushoto. Ya kawaida ipo ili gari ikikata kona, tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani. Ubaya wake ni kwamba inagawa nguvu sawa kulia na kushoto. Tairi la kushoto likiwa kwenye utelezi, linahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, na la kulia litapata hiyo hiyo kidogo hata kama limekanyaga mwamba. Ukiongeza mafuta, unachimba shimo tu.

Fo wili inaunganisha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma kwenye transfa, boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Lakini mbele nako kuna difu, na mara nyingi ni ya kawaida vilevile. Ukiingia korongo lililokatiza barabara kwa mshazari, tairi la mbele kulia linaning'inia na la nyuma kushoto linaning'inia. Yatazunguka hayo mawili, mengine yatakaa kimya. Hapo ndipo difu loki inapolipa: inafunga ekseli ya nyuma, tairi zote mbili zinakwenda kwa kasi moja, na lililokanyaga chini linasukuma.

Hatua ya 1. Shuka utembee. Angalia mitaro iliyochimbwa na Fuso. Kama tuta la katikati limezidi kimo cha difu yako, hakuna swichi itakayokuokoa. Difu itakalia udongo na matairi yataelea. Panda tuta kwa tairi la upande mmoja, au tafuta njia nyingine.

Hatua ya 2. Weka H4 (fo wili ya mwendo wa kawaida) kabla ya tope. Land Cruiser yenye habu za kuzungusha kwa mkono (zinazounganisha tairi la mbele na ekseli yake), hakikisha zote mbili za mbele ziko kwenye LOCK. Mtu anavuta kijiti cha transfa, taa inawaka, anaridhika, kumbe habu ziko FREE na mbele hakuna kinachovuta. Zungusha ukiwa bado pakavu. Kuzitafuta ndani ya tope la magotini ni adhabu.

Hatua ya 3. Kwenye mchanga punguza upepo, psi 18 hadi 20 inatosha, na uwe na pampu ya kurudishia. Wengi wanakimbilia difu loki wakati upepo peke yake ungewatoa.

Hatua ya 4. Kwa kwenda L4 (fo wili ya gia nzito), simama kabisa, gia iwe nyutro, ndipo uhamishe. Nguvu kwenye matairi inaongezeka karibu mara 2.5 na mwendo unapungua kwa kiasi hicho.

Hatua ya 5. Sasa difu loki. Ifunge kabla ya korongo, matairi yakiwa yametulia. Kuifunga tairi moja likiwa linazunguka kwa fujo na jingine limesimama ni kugonganisha vyuma. Hilux nyingi zinaikubali ukiwa L4 tu. Taa itaanza kwa kupepesa, maana yake mota imepokea amri lakini meno hayajakutana. Sogea mbele taratibu, cheza na usukani kulia na kushoto kidogo. Ikiacha kupepesa, imefunga. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge matairi) nayo ikiwaka usishtuke, Hilux huzima mfumo huo makusudi.

Hatua ya 6. Nenda mwendo mmoja, usukani umenyooka. Ukikata kona gari itakataa, itataka kwenda mbele tu. Na hapa wengi wanaumia: barabara ya udongo mwekundu iliyoinama upande, kama zile za milima ya Usambara mvua ikinyesha. Difu ikiwa wazi, tairi moja linateleza na jingine linashikilia mkia wa gari. Ukiifunga, yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unashuka mtaroni. Sehemu kama hiyo mimi natumia fo wili peke yake, difu loki naiacha.

Hatua ya 7. Ukishatoka, zima. Fo wili ya aina hii haina difu katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu inakaza mfumo mzima na usukani unakuwa mzito.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makete: Mimi nina 2WD (inayovuta nyuma tu) yenye difu loki, jirani ana fo wili bila loki. Nani anafika?

Mkuu, kilima kirefu chenye utelezi jirani anakuacha. Pikapu tupu uzito wake mwingi uko mbele, na mbele kwako hakuvuti. Kwenye makorongo yasiyo na mlima unaweza kumpita. Weka magunia ya viazi juu ya ekseli, utaona tofauti. Ila kama unanunua, chukua fo wili. Loki unaweza kufunga baadaye, mfano za hewa za kampuni ya ARB.

Mdau wa Dodoma: Gari mpya zinafunga breki tairi linaloteleza. Loki ya nini tena?

Inasaidia, na kwa mashimo ya kawaida anza nayo. Lakini lazima tairi liteleze kwanza ndipo ifanye kazi, na ukiing'ang'aniza muda mrefu breki zinachemka.

Mdau wa Mbeya: Nitajuaje kama difu yangu ni LSD (inayozuia kiasi tairi moja lisiteleze peke yake)?

Weka kigingi kwenye matairi ya mbele, nyanyua matairi yote mawili ya nyuma juu ya stendi, gia nyutro, handibreki chini. Zungusha moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, ni difu ya kawaida. Likifuata upande ule ule, ni LSD au mtu amefunga loki. LSD ina oili yake, usimwagie yoyote.

Mdau wa Arusha: Land Cruiser yangu swichi ya loki ina RR (nyuma) na FR RR (mbele na nyuma). Ya mbele naitumia lini?

Ya mwisho kabisa, RR ikishindwa. Usukani unyooke. Ukikanyaga mafuta huku umeukata, joiti za mbele ndizo zinazovunjika.

Mdau wa Morogoro: Nimezima loki lakini taa bado inawaka.

Meno yamebanana. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha sogea mbele. Isipozima, ingia chini ukague plagi ya waya kwenye difu, tope huwa linajaa humo.